Taya la Namba Sitini na Tatu

Fundi Taya hakuhitaji sura ya mtu ili amtambue. Sura alizisahau kabla mwenye nazo hajafika kona. Lakini mpe plasta ya taya lako, hata kama alikutengenezea meno miaka tisa iliyopita, atalizungusha mkononi mara moja, atapitisha kidole gumba kwenye magego, kisha atakwambia wewe ni yule dereva wa lori la taka unayesaga meno usingizini, na mkeo amehamia chumba cha watoto. Na atakuwa amesema kweli, hasa hilo la mkeo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Aliifanya miaka ishirini na minane katika chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, chumba chenye meza mbili, jiko la gesi, rafu tatu zilizojaa mataya ya watu, na vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye kope zake. Daktari wa meno humng'atisha mgonjwa uji mzito unaoganda, ukitolewa unabaki na alama ya mdomo mzima. Alama hiyo hujazwa plasta, na plasta ikikauka unapata taya kamili, kila jino na aibu zake. Hapo ndipo Fundi Taya anapoingia. Anapanga meno mapya kwenye nta, anachonga, anachemsha, anasugua, na mwisho anatoa kitu cha rangi ya waridi kinachong'aa mpaka mwenye meno yake yote anatamani kukivaa. Alikuwa fundi kwelikweli, tusimwonee. Ubaya wake ulikuwa mdomoni, nao ulikuwa wa namna mbili: kulikuwa na kilichomo ndani ya mdomo, na kulikuwa na kilichokuwa kikitoka.

Kilichokuwa kikitoka kwanza. Bwana yule hakuwa na breki. Siku moja, akiwa kinyozini, aliwaeleza watu sita kwamba kiongozi wa kwaya anavaa meno ya juu ya bandia, na kwamba akipandisha sauti kwenye ubeti wa mwisho inabidi ayasukume kwa ulimi yasije yakaangukia waumini wa safu ya mbele. Wiki iliyofuata kanisa zima liliacha kusikiliza wimbo, likakaa linachungulia ulimi. Kiongozi wa kwaya akahamia kwaya nyingine, ng'ambo ya mji. Fundi Taya alipoambiwa alichokifanya akashangaa, akasema yeye alikuwa anayasifia meno.

Enzi hizo daktari wa meno wa mji alikuwa mzee mmoja mwenye mikono ya mpiga tofali, na yeye na Fundi Taya walikuwa chanda na pete. Falsafa ya mzee ilikuwa fupi: jino likiuma, toa. Likitikisika, toa. Likikaa kimya sana, lichunguze, kisha toa. Mapengo yote yalielekea nyuma ya duka la rangi, na Fundi Taya aliamini kwa moyo mweupe kwamba Mungu aliwapa watu meno ya majaribio, na yeye anawapa ya kudumu. Kama kuna methali aliyoichukia duniani ni ile isemayo jino la pembe si dawa ya pengo. Mtu akiitamka mbele yake alimuuliza kama yeye ana dawa nyingine, na kama hana anyamaze.

Kisha mzee akastaafu, akaja daktari mpya, binti wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta majina. Kisa cha kiongozi wa kwaya kilikuwa kimemfikia. Tangu siku hiyo kila alama ya mdomo iliyotumwa kwa Fundi Taya ilikuja kwenye kiboksi chenye namba tupu, na Fundi akiuliza ni ya nani anaambiwa ni ya namba hiyo. Jambo la pili lilimuuma zaidi: binti hakuwa na haraka ya kung'oa. Jino lenye tundu analiziba. Jino lililooza mpaka ndani analifungua, anatoa kile kilichokufa, anasafisha mifereji ya mizizi, anaijaza, analifunika, na jino linarudi kazini. Na wale ambao fizi zao zinavuja damu anawakwangua ukoga, lile gamba gumu la njano linalojenga nyumba kwenye shina la jino. Fundi Taya alitangaza mtaa mzima kwamba ukoga ndio saruji, ukiukwangua meno yanamwagika kama punje za mahindi. Watu wengi walimwamini, maana alikuwa na koti jeupe.

Sasa, mke wake.

Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata Fundi mwenyewe nyumbani. Alifundisha darasa la kwanza, watoto wa miaka sita na saba, wale ambao wakifungua vinywa vyao unaona mapengo tu na ulimi. Zamani, kabla hajawa Mwalimu wa mtu, alikuwa msichana mwenye mwanya. Mwanya safi, katikati ya meno ya mbele ya juu, ambao akicheka vijana walikuwa wanasahau walichotumwa dukani. Fundi Taya alikuwa mmoja wao. Alitumwa mafuta ya taa akarudi na posa, ndivyo ndugu zake walivyomtania. Miaka yote ya mwanzo alikuwa akimchekesha makusudi ili auone ule mwanya.

Halafu watu wakazoeana, kama kawaida. Mwalimu alianza kuona damu kwenye mswaki. Akaogopa, akaanza kupitisha mswaki juu juu palipokuwa panavuja, kisha akapaacha kabisa, kwa hoja kwamba kidonda hakisuguliwi. Ni hoja nzuri kwa goti. Kwa fizi ni balaa, maana palipoachwa ndipo uchafu ulipokaa, ukawa ukoga, ukashuka chini ya fizi, fizi ikarudi nyuma na mfupa unaoshika meno ukaanza kuliwa kimya kimya, bila maumivu ya kumwamsha mtu. Magego mawili yalilegea akaenda kuyang'olea mji mwingine, wakati wa semina ya walimu, akarudi amefunga shavu akasema ni baridi ya gari. Baadaye yale ya mbele yakaanza kutengana. Moja likaegemea mbele. Mwanya ukapanuka ukawa kitu kingine. Hapo Mwalimu akajifunza kucheka na kiganja mdomoni.

Mtu atauliza: mke wa fundi wa meno, kwa nini asimwambie mumewe? Kwa sababu alikula naye kila jioni. Kila jioni, kati ya tonge na tonge, alisikia mdomo wa fulani unafananaje na wa fulani unanukaje. Alijua vizuri kabisa midomo ya watu inaishia wapi ikifika kwenye meza ile.

Akaenda kwa daktari mpya peke yake, jioni moja baada ya shule, akajiandikisha kwa jina la babu yake. Daktari alimlaza kwenye kiti, akapima kila fizi kwa kijiti chembamba chenye alama, kisha akamweleza bila kumtisha na bila kumdanganya. Damu si sababu ya kuacha kusugua, ni sababu ya kusugua vizuri zaidi. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, taratibu pale fizi inapokutana na jino, na uzi wa kupitisha katikati ya meno kila siku. Ukoga ulio chini ya fizi mswaki haufiki, huo ataukwangua yeye kwa ganzi, nusu ya mdomo leo, nusu wiki ijayo. Meno yataonekana marefu kidogo na maji baridi yatamsumbua siku kadhaa, asiogope. Jino lile la mbele lililoegemea haliokoleki. Lakini mengine manne yaliyoanza kucheza yatakamata, mradi kazi ikamilike. Yakiachwa hivi hivi, alisema, mwaka hayamalizi.

Na hilo la mbele halitamwachia pengo hata siku moja. Alama inachukuliwa sasa, kipande chenye jino moja kinatengenezwa kabla, na siku ya kung'oa kinavaliwa saa hiyo hiyo. Mwalimu akauliza kinatengenezwa na nani, ingawa jibu alilijua. Daktari naye akawa anamjua ni mke wa nani, mji si mkubwa kiasi hicho. Akamwambia fundi ataona namba tu. Mwalimu akauliza kama ana hakika. Daktari akasema ana hakika. Basi akakwanguliwa nusu ya kulia, akang'ata uji, akarudi nyumbani na mdomo wa ganzi akisingizia ameng'ata ulimi. Namba yake ilikuwa sitini na tatu.

Siku mbili baadaye Fundi Taya aliingia nyumbani anacheka kuanzia mlangoni. Akanawa, akakaa, akavuta sahani.

"Mwalimu, leo nimeletewa geti," akasema. "Mdomo wa mtu, lakini geti. Lori linapita pale katikati na tela lake, na kioo halikwaruzi."

Mwalimu akamwongezea mchuzi. Fundi akaendelea. Jino moja, alisema, limetoka nje kuangalia wapita njia. Chonge la kushoto limejipinda limewapa wenzake mgongo, wamegombana. Yeye kwa uzoefu wake alikisia ni mtu wa makamo, mwanamke, na tena ni mchafu, maana mtu hafiki hapo kwa bahati mbaya, anafika kwa uchafu. Mwalimu alisema ameshiba, akatoa sahani yake. Siku ya pili Fundi akalirudia geti kwa nyongeza. Siku ya tatu akajaribu kuigiza namba sitini na tatu akila mhindi, na akaigiza vizuri sana, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Siku ya kukwangua nusu ya kushoto na kung'oa lile jino ikafika. Mwalimu hakwenda. Alimaliza kipindi, akasahihisha madaftari yote ya kuhesabu, akasahihisha na yale ambayo hayakuwa zamu yake, saa ya miadi ikapita.

Daktari akamwagiza Fundi akiweke kile kipande, mgonjwa hajatokea. Fundi akakasirika kwelikweli. Alikuwa amekitengeneza kwa mapenzi, asikudanganye mtu. Jino lenyewe alilichagua kati ya vivuli vitano, akalitia doa dogo sana la hudhurungi lifanane na jirani zake, kazi ambayo hakuna mtu angeiona na ndiyo maana aliifanya. Akalalamika mezani jioni nzima: watu hawa hawastahili kusaidiwa, unawatengenezea jino la malkia wao wanaona haya kulifuata, waache waoze. Akaongeza habari aliyoisikia kwa daktari, kwamba mtu huyo asiporudi mengine manne yanakwenda. "Geti litakuwa uwanja wa mpira," akasema.

Siku hizo Mwalimu alikuwa ameanza kumenya ganda la mkate, anakula kile cha ndani tu. Fundi aliona ganda limebaki, akalila.

Wiki iliyofuata Mwalimu alisahau miwani nyumbani. Fundi akaipitisha shuleni akiwa njiani kwenda kazini, akasimama kwenye dirisha la darasa la kwanza akisubiri kuonekana. Ndani mtoto mmoja alikuwa anaeleza mbele ya wenzake jinsi mbuzi alivyokula daftari lake, na kwamba alikula ukurasa wa makosa akaacha wa vyema. Darasa likaangua kicheko. Na watoto wote, arobaini na kitu, wakafunika midomo kwa viganja.

Fundi akatabasamu, akadhani ni mchezo. Lakini mtoto wa miaka sita hana aibu ya pengo. Pengo kwake ni sifa, analipitisha ulimi mbele za watu. Nani aliwafundisha hawa kuficha? Akainua macho, akamwona mkewe ubaoni, anacheka hadi mabega yanatikisika, na kiganja kimebandikwa mdomoni kama kilizaliwa hapo. Watoto walikuwa wanamuiga mwalimu wao, kama wanavyomuiga kuandika herufi.

Kisha mtoto mwingine akamletea shati lenye kifungo kinachoning'inia. Mwalimu akatoa sindano kwenye mkoba, akakishona harakaharaka, na alipomaliza akainama aukate uzi kwa meno. Akajaribu ya mbele, akakunja uso, akauhamishia pembeni. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Fundi Taya akaliona jino lililoegemea. Akauona uwazi uliokuwa katikati. Akaliona chonge la kushoto lililowapa wenzake mgongo.

Mataya hayakuwahi kumdanganya bwana yule. Akamwachia mlinzi wa shule miwani, akaondoka.

Hakufanya kazi siku hiyo. Alishusha plasta ya namba sitini na tatu kutoka kwenye rafu, akaiweka mezani, akakaa mbele yake na mikono mapajani. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoyaona meno ya mkewe, akarudi nyuma mwaka, miwili, mitano, akafika kwenye harusi ya binti yao, na hata pale alikumbuka gauni tu. Neno lililomchoma zaidi halikuwa geti. Lilikuwa mchafu. Alilisema mara ngapi? Alilisema siku zote tatu.

Sasa mtu mwenye akili, akishajua hivyo, angeenda nyumbani mikono mitupu akaomba radhi. Fundi Taya alikifunga kile kipande kwenye leso safi, akakipeleka nyumbani, akakiweka mezani kati ya sahani mbili.

"Nimekutengenezea vizuri, Mwalimu," akasema. "Hata mtu hatajua."

Mwalimu akaifungua leso, akakitazama kipande, akaifunga tena.

"Siku tatu, Fundi," akasema. "Siku tatu umekaa hapo unakula chakula nilichopika, unanicheka, na mimi nakuongezea mchuzi."

"Sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua. Dereva wa lori la taka unamjua. Kiongozi wa kwaya unamjua mpaka ulimi. Mimi nimelala na wewe miaka thelathini na mmoja, hukunijua."

Basi Mwalimu akaendelea, na hakupandisha sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimkumbusha habari za gego lake la chini, kulia. Na hapa ndipo tunapofika kwenye kile kilichokuwa ndani ya mdomo wa Fundi. Miaka miwili iliyopita gego lilimtoboka. Mtu anayeishi kwa meno ya wengine, anayeweza kukuambia kwa kidole kwamba unasaga usingizini, aliogopa sindano kama mtoto. Akajifungia bafuni na kioo na kimashine chake cha kuchongea, akalichonga jino lake mwenyewe, akalijaza ile dawa ya waridi ya kutengenezea fizi bandia. Akajipongeza. Chini ya ile dawa uozo ukaendelea na shughuli zake, umefungiwa mlango, hausumbuliwi na mtu. Tangu hapo alitafunia kushoto, alilala na karafuu shavuni, na kila baada ya miezi michache alivimba akasema ni upepo.

"Nilikuona siku ile na kioo," Mwalimu akasema. "Harufu yake naijua, iko kwenye mto wangu. Nilimwambia nani? Walimu wenzangu? Dada yako? Nyani haoni kundule, Fundi, lakini mimi nililiona lako na nikalifunika."

Akasimama akaanza kukusanya vyombo. Akamwambia hatarudi kwa daktari, na asimbembeleze. Kisha alipofika mlango wa jikoni akageuka, akasema kuna namna moja tu. Atarudi siku ile Fundi atakayokaa yeye kwenye kile kiti, afungue mdomo, na yeye Mwalimu asimame pale aangalie mpaka mwisho. Vinginevyo meno manne yaende zake, atanyonya uji.

Usifikiri aliamka kesho yake akaenda. Alikuwa mwanamume na alikuwa mwoga, na hivyo viwili vikikutana kazi hazikosekani. Siku ya kwanza alikuwa na oda ya haraka. Siku ya pili gesi iliisha. Siku ya tatu alisema gego limepona, na kuthibitisha akatafuna karanga upande wa kulia mbele ya mkewe, machozi yakamtoka, akasema ni pilipili. Karanga hazikuwa na pilipili. Siku ya tano, wakiwa mezani mchana, Mwalimu aling'ata kipande cha embe, akasita, akaingiza kidole mdomoni kugusa jino la pembeni ya lile lililoegemea. Lilikuwa limeanza na lenyewe. Akakirudisha kile kipande sahanini taratibu, akafunika na kingine ili kisionekane.

Fundi Taya akasukuma kiti. Akamwambia avae viatu, akaitia ile leso mfukoni.

Walimkuta daktari anajiandaa kwa chai ya saa kumi. Alimwamkia Fundi, akamtazama Mwalimu, akaelewa kila kitu, akanawa mikono. Fundi akapanda kwenye kiti ambacho alikuwa amekipelekea mataya miaka ishirini na minane bila kukikalia hata siku moja. Aliuliza sindano ni ndefu kiasi gani. Akauliza kama wanaume wengine huwa wanalia. Daktari akasema wanaume ndio hulia, wanawake huuliza wanaweza kula saa ngapi. Taa ikawashwa, mdomo ukafunguliwa, daktari akainama akagusa gego la chini kwa ncha ya kijiti.

"Fundi," daktari akasema. "Hii si ile dawa ya fizi bandia?"

Akatikisa kichwa kukubali. Daktari hakumcheka. Alimpiga picha ya jino, akamwonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, akamweleza kwamba jino limekufa ndani siku nyingi, usaha umetafuta njia ndani ya taya, na ule uvimbe anaouita upepo ungeweza siku moja kuteremka shingoni ukamziba pumzi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuling'oa, na hapo hapo amalize.

Na Fundi Taya, mtume wa kung'oa, aliyewaambia watu mji mzima kwamba meno ya Mungu ni ya majaribio, akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kama haliwezi kuokolewa.

Daktari akasema linaweza. Atalifungua, atatoa dawa ile na uozo wote, atasafisha mizizi, ataweka dawa ya ndani, na watarudia mara mbili kabla ya kuliziba na kulifunika. Akampaka kitu cha kufisha ufizi, akaingiza sindano polepole, Fundi akashika mkono wa kiti mpaka ukalia. Kisha daktari akageuka kwa Mwalimu, akamwuliza kama anataka kuona.

Mwalimu akasogea. Akachukua kitochi, akainama, akatazama ndani. Alitazama kwa muda mrefu, jino kwa jino, kama anayesahihisha daftari. Fundi aliuona uso wa mkewe juu chini, karibu kuliko alivyouona kwa miaka. Alikuwa amejiandaa. Alijua mdomo wake una nini: magego meusi, ukoga wa njano mpaka nyuma, fizi zilizovimba, na shimo la waridi. Alisubiri aitwe dampo. Yeye mwenyewe angeliita dampo, na angeliigiza likila mhindi.

"Pole," Mwalimu akasema. "Limekuuma sana, kumbe."

Hapo Fundi Taya akavunjika. Akataka kusema, lakini nusu ya mdomo ilikuwa imekufa ganzi na mdomo wa chini ulikuwa umening'inia kama soksi. Akasema hivyo hivyo, mate yakimtiririka kidevuni. Alisema amsamehe. Alisema si yeye mchafu, mchafu ni yeye Fundi. Ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

"Nimesikia," Mwalimu akasema, akimpangusa kidevu. "Sema tena."

Akasema tena.

Kazi ilichukua saa nzima. Fundi alipoteremka shati lilikuwa limelowa mgongoni. Mwalimu akamkabidhi mkoba, akapanda kwenye kiti yeye, akajinyoosha sketi. Daktari akavaa glavu nyingine, akaandaa ganzi ya upande wa kushoto na kile kipande kilichotoka kwenye leso, kisha akamwambia Fundi kwa heshima kwamba anaweza kusubiri nje, wagonjwa wengi hupenda faragha.

"Abaki," Mwalimu akasema. "Aangalie vizuri safari hii."

Akaegemeza kichwa, akafungua mdomo wazi, taa ikamulika mpaka nyuma. Fundi Taya akasogea, akauona mdomo wa mkewe wote, na hakuwa na la kusema. Hata angekuwa nalo, ganzi isingemruhusu.